Mkaa au mwanga: kuchagua njia ya kuondoa antibayotiki kwenye majitaka

Chukua kidonge kimoja cha kotrimoksazoli, kile ambacho wengi wetu tumezoea kukiita Septrini. Ndani yake zimo dawa mbili: sulfamethoksazoli miligramu 400 na trimethoprimu miligramu 80. Mgonjwa anakimeza, dawa inafanya kazi yake, na sehemu kubwa inatoka na mkojo. Inaingia chooni, inafika kwenye karo au bomba, inakwenda bwawa la majitaka, kisha mtoni. Dawa hizo mbili ziliingia tumboni pamoja, lakini zikifika kwenye majitaka kila moja ina tabia yake. Pitisha maji hayo kwenye mkaa amilifu: trimethoprimu inanaswa kwa urahisi, sulfamethoksazoli nyingi inapenya. Yapitishe chini ya taa ya urujuanimno (UV), mwanga mkali usioonekana kwa macho: sulfamethoksazoli inavunjika, trimethoprimu inatoka karibu kama ilivyoingia.

Ndiyo maana mtu akiniuliza, "Mhandisi, ipi bora, mkaa au taa?" huwa namwomba kwanza aniambie maji yake yana dawa gani, yana tope kiasi gani, na ni nani atakayeuhudumia mtambo umeme ukikatika saa nane za usiku. Hapa chini nazilinganisha njia hizi mbili kwa mtu anayetakiwa kuamua: mhandisi wa hospitali, Bwana Afya, mamlaka ya maji ya mji, mwenye kiwanda cha dawa. Upande nilioegemea nitausema wazi.

Tunahangaikia nini hasa

Mwaka 2019 pekee, vifo vya watu milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Usugu huo hauzaliwi wodini tu. Bakteria waliomo kwenye tope la bwawa wakioga kila siku katika dawa kidogo isiyotosha kuwaua, wanaobaki ni wale wanaoistahimili, nao hugawiana vinasaba vya usugu na majirani zao.

Mwaka huohuo, watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walitangaza matokeo ya kupima mito katika maeneo 711 ya nchi 72. Antibayotiki zilipatikana katika asilimia 65 ya maeneo hayo, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo viwango vilivuka mno kile kinachodhaniwa kuwa salama. Mto Nairobi umepimwa mara kadhaa na watafiti wa Kenya wenyewe, na sulfamethoksazoli haikosekani. Haishangazi. Septrini imetumika kwa miaka mingi kuwakinga watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI dhidi ya magonjwa nyemelezi, kila siku kidonge. Dawa hiyo imeokoa maisha ya watu wetu na hakuna anayesema wasiimeze. Kinachotakiwa ni kuishughulikia ikishatoka mwilini.

Kiwango chenyewe ni kidogo mno, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kwa siprofloksasini, antibayotiki nyingine inayotumika sana, kikomo ambacho watafiti hukitumia ili usugu usichochewe ni kama mikrogramu 0.06 katika lita moja ya maji. Kidonge kimoja cha siprofloksasini kina miligramu 500. Kikianguka chote majini, unahitaji lita zaidi ya milioni 8 za maji safi ili kukizimua hadi kikomo hicho. Hayo ni maboza zaidi ya 800 ya lita 10,000, kwa ajili ya kidonge kimoja. Wanaosema "mto utasafisha wenyewe" wapewe hesabu hii.

Upande wa pili kabisa kuna Patancheru, karibu na Hyderabad, India. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya maji yaliyotoka kwenye mtambo uliokuwa ukipokea majitaka ya viwanda vya dawa takribani 90. Siprofloksasini ilifika miligramu 31 kwa lita, kiwango kinachozidi kile kinachopatikana kwenye damu ya mgonjwa anayeimeza. Kati ya Patancheru na karo la zahanati kuna umbali mkubwa sana, na mtambo unaofaa huku unaweza usifae kule.

Mkaa: kunasa bila kuvunja

Tutenganishe maneno mawili kwanza. Sifongo inafyonza maji: yanaingia ndani yake na kuijaza. Mkaa amilifu unanasa: molekuli ya dawa inakuja na kujibandika juu ya uso wake. Nguvu ya mkaa basi iko kwenye ukubwa wa uso, na uso huo umejificha ndani ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya mkaa amilifu mzuri ina uso wa mita za mraba 500 hadi 1,500. Vijiko vichache vya chai vinakupa eneo la uwanja wa mpira.

Mkaa wa jikoni haufiki huko. Ili vitundu vifunguke, malighafi huchomwa kwa hewa kidogo, kisha hupigwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 na zaidi, au huchanganywa na kemikali kama asidi ya fosforasi kabla ya kuchomwa. Vifuu vya nazi ni miongoni mwa malighafi bora duniani kwa kazi hii, kwa sababu ni vigumu na hutoa vitundu vidogo vingi. Kwa mtu wa Kilifi, Tanga, Mafia au Unguja, hilo ni jambo la kufikiria. Vifuu tunavichoma jikoni au tunavitupa, halafu tunaagiza mkaa amilifu kwa meli.

Magunzi ya mahindi, pumba za mpunga na maganda ya kahawa hutoa mkaa wa daraja la chini zaidi, ule unaoitwa bayocha. Uso wake ni mdogo, mara nyingi haufiki hata nusu ya ule wa mkaa amilifu, na pumba za mpunga zina majivu mengi. Lakini ni rahisi kuutengeneza, na kwa baadhi ya dawa unatosha ukiongeza kiasi.

Dawa kama siprofloksasini na trimethoprimu hukamatwa vizuri. Sulfamethoksazoli kwenye maji ya kawaida yasiyo na uchachu huwa na chaji hasi, inapenda maji, na haina haraka ya kujibandika. Kwa hiyo ukiendesha kichujio cha mkaa na kutaka kujua kimechoka lini, pima sulfamethoksazoli kwenye maji yanayotoka. Yenyewe ndiyo itakayotangulia kupenya.

Adui mkubwa wa mkaa ni uchafu wa kawaida. Majitaka yana mabaki ya chakula, sabuni na vitu vilivyooza, kwa wingi unaozidi dawa mara maelfu. Vyote hivyo vinagombea nafasi ileile. Ukitia mkaa kwenye majitaka mabichi, umenunua mtego wa samaki ukautumbukiza kwenye takataka. Mkaa uwekwe mwisho, baada ya matibabu ya kawaida na chujio la mchanga.

Tufanye hesabu ya hospitali inayotoa mita za ujazo 100 za majitaka kwa siku. Ukitumia mkaa wa unga, gramu 15 kwa kila mita ya ujazo, unahitaji kilo moja na nusu kwa siku, kama kilo 550 kwa mwaka. Unaukoroga na maji, unauacha ufanye kazi, kisha unauzamisha kwa shabu na kuuchuja. Ukitumia mkaa wa chembe ndani ya tangi, na unataka maji yakae humo nusu saa, unahitaji tangi la mita za ujazo 2 hivi, yaani karibu tani moja ya mkaa. Mashine inayohitajika ni pampu moja. Umeme ukikatika, maji yanasimama na mkaa unaendelea kuwa mkaa. Hakuna kinachoungua.

Njia hii imezoeleka, wala si ya maabara tu. Windhoek, Namibia, jiji lililoanza mwaka 1968 kusafisha majitaka hadi kuwa maji ya kunywa, linatumia mkaa wa chembe katika hatua mbili baada ya ozoni, gesi inayovunja uchafu majini. Uswisi ilibadili sheria yake, na tangu mwaka 2016 mitambo mikubwa iliyochaguliwa inatakiwa kuondoa asilimia 80 ya dawa na kemikali za mfano, huku kila mkazi akichangiwa faranga 9 kwa mwaka kwenye mfuko wa kazi hiyo. Waswisi walitazama njia nyingi, na wakashika mbili: ozoni na mkaa amilifu.

Sasa upande wenye doa. Mkaa hauui dawa, unaihamisha. Ilikuwa majini, sasa iko kwenye tani moja ya chembe nyeusi, na chembe hizo zinataka pa kwenda. Ulaya huzirudisha kiwandani zichomwe upya kwenye nyuzi 700 hadi 900, ambako dawa inateketea na mkaa unarudi kazini, ukipungua kidogo kila mara. Huku kwetu, mwenye kichujio kimoja hapati kiwanda cha namna hiyo jirani. Kinachowezekana ni kuuteketeza kwenye tanuri la taka za hospitali linalofika nyuzi 850, au kuupeleka kwenye tanuri la saruji, ambako joto hufika nyuzi 1,450. Kilicho marufuku ni kuugawa shambani kama mbolea. Nimeshawahi kuulizwa hilo na watu wenye nia njema kabisa, kwa kuwa bayocha inasifiwa kwa wakulima. Bayocha safi, sawa. Iliyoshiba antibayotiki, hapana.

Na jambo moja linalosahaulika: mkaa wa chembe hauui bakteria. Baada ya wiki kadhaa, bakteria wenyewe hufanya makazi juu yake. Wakati mwingine hilo husaidia, kwa sababu hula sehemu ya uchafu na kuupa mkaa nafasi. Lakini kama hofu yako ni bakteria sugu wanaotoka wodini, mkaa peke yake haukutoshi.

Mwanga: kuvunja, kwa masharti

"Kutibu kwa mwanga" ni jina moja la mambo manne tofauti, na wauzaji huyachanganya. Ya kwanza ni taa tupu ya urujuanimno, ile ya zebaki yenye mwanga ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 254. Ya pili ni taa hiyohiyo ikiongezewa haidrojeni peroksaidi: mwanga unaipasua peroksaidi na kuzaa radikali za haidroksili, chembe kali zisizotulia, ambazo huirarua karibu kila dawa zinayokutana nayo, trimethoprimu ikiwemo. Ya tatu ni unga wa titani dioksidi, kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha), ambao ukipigwa na mwanga huzaa radikali hizohizo juu ya uso wake. Wajapani Fujishima na Honda ndio walioufungua mlango huo mwaka 1972, walipoonyesha kwamba titani dioksidi ikimulikwa inaweza kuyapasua maji. Ya nne ni chuma, peroksaidi na jua, njia inayofanyiwa kazi sana huko Almería, kusini mwa Hispania, kwenye mabwawa ya kina kifupi yanayozungusha maji juani.

Uzuri wa mwanga hauna ubishi. Unavunja. Hauachi tani ya mkaa wa kutafutia makaburi. Taa inaua bakteria palepale, na ukiongeza dozi inaharibu hata vinasaba vyao vya usugu. Dozi ya kuvunja dawa, hata hivyo, ni mara kumi na zaidi ya dozi ya kuua vijidudu. Mtu akikwambia taa yake ya kuua bakteria "inaondoa pia dawa", mwulize dozi.

Sharti la kwanza ni maji maangavu, na hapa naomba nisimulie. Niliwahi kwenda kukagua mtambo mdogo wa hospitali moja. Msimamizi wake, mzee aliyeutunza kwa miaka, alinipokea langoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Taa yetu haijawahi kuzimika hata siku moja. Tazama, ya kijani inawaka."

Kweli ilikuwa inawaka. Tukazima, tukafunga maji, tukauchomoa mrija wa kioo unaoifunika taa. Ulikuwa na ukoko wa rangi ya kahawia, kama sufuria ya wali uliosahaulika jikoni. Nikapitisha kidole, kidole hakikuacha hata alama. Mzee akaleta kitambaa na siki, tukasugua karibu nusu saa hadi kioo kikaonekana. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo muda wote huu ilikuwa inajimulika yenyewe?" Nilikosa la kumjibu. Kosa halikuwa lake. Aliyeufunga mtambo hakumwachia siki, ratiba wala mafunzo, alimwonyesha taa ya kijani tu.

Hata kioo kikiwa safi, maji yenyewe yanakula mwanga. Majitaka yaliyopita matibabu ya kawaida huweza kupitisha, tuseme, asilimia 65 ya mwanga wa 254 kwa kila sentimita. Baada ya sentimita 5 imebaki asilimia 12 tu. Maji yaliyochujwa vizuri, yanayopitisha asilimia 95 kwa sentimita, bado yana asilimia 77 pale pale. Taa ni ileile, bili ileile, kazi tofauti kabisa. Ndiyo maana kule Orange County, California, ambako tangu mwaka 2008 majitaka yanasafishwa na kurudishwa chini ya ardhi kwa ajili ya kunywa, taa na peroksaidi zinakuja mwisho, baada ya maji kupita kwenye utando mwembamba usiopitisha hata chumvi. Mwanga pale unamalizia maji ambayo tayari ni safi.

Kuna na ugumu wa maji. Bikaboneti nyingi, chumvi za maji magumu ya visima vingi, hukamata radikali za haidroksili kabla hazijaifikia dawa. Unalipia radikali, zinaliwa na chokaa.

Sharti la pili ni umeme. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2018 yalizipanga njia hizi kwa uniti za umeme zinazohitajika ili kupunguza kemikali hadi sehemu moja ya kumi katika mita moja ya ujazo. Taa na peroksaidi ziliangukia kundi la chini ya uniti 1. Chuma na mwanga, kati ya 1 na 100. Titani dioksidi kwa taa, zaidi ya uniti 100. Kwa hospitali yetu ya mita za ujazo 100 kwa siku, hizo ni zaidi ya uniti 10,000 kila siku. Hakuna mhasibu atakayeisaini.

Utasema: tutumie jua, jua ni la bure na kwetu halikosekani. Wazo hilo nalipenda, na sitaki kulizima. Ila titani dioksidi inahitaji mwanga wenye wimbi fupi kuliko nanomita 387 hivi, na sehemu hiyo ni asilimia 4 hadi 5 tu ya nguvu ya jua. Vichocheo vipya, kama kaboni naitraidi, vinafika hadi mwanga wa buluu unaoonekana, karibu nanomita 460, na hapo ndipo matumaini yalipo. Halafu kuna unga wenyewe. Chembe zake ni nanomita 20 na kidogo. Ukitia nusu gramu kwa lita, hospitali yetu inachanganya kilo 50 za unga kwa siku, na kilo zote 50 zinatakiwa kutolewa tena kabla maji hayajaondoka. Ukiugandisha kwenye vioo hautoroki, lakini uso wake unapungua na kasi inashuka.

Sharti la tatu ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Kuvunjika na kutokuwepo ni vitu viwili. Siprofloksasini ikipigwa na mwanga huanza kupoteza pete ya pembeni ya molekuli yake, huku kiini kinachowadhuru bakteria kikiwa bado kizima. Mashine ya maabara inayotafuta siprofloksasini itasema "haipo", wakati baadhi ya vipande vyake bado vina makali. Tetrasaiklini ndiyo somo la zamani: mwaka 1963 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa walioumia figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyokwishaharibika. Dawa ilikuwa imevunjika, vipande vyake ndivyo vilivyodhuru. Kwa hiyo mwuzaji wa mtambo wa mwanga aonyeshe mambo mawili zaidi ya grafu ya dawa kushuka: jumla ya kaboni iliyobaki majini, inayoonyesha kama vipande navyo vimekwisha, na jaribio la kuotesha bakteria kwenye maji yaliyotibiwa kuona kama bado wanazuiwa kukua.

Ukiziweka pamoja mezani

Kwa maji yenye tope au rangi, mkaa unaumia, mwanga unakufa. Hilo peke yake huamua kesi nyingi za Afrika Mashariki. Kwa fundi mmoja asiye na maabara, mkaa. Kwa mahali ambapo umeme unakatika, mkaa tena. Kwa bakteria na vinasaba vya usugu, mwanga unashinda bila mjadala. Kwa sulfamethoksazoli, mwanga. Kwa trimethoprimu, mkaa, au mwanga wenye peroksaidi. Amoksilini sijaitaja mpaka hapa kwa sababu, ingawa ndiyo tunayoimeza kuliko nyingi, pete yake hufunguka yenyewe majini na mara nyingi huwa imeshaharibika kabla ya kufika mtamboni.

Watu husahau kwamba hizi mbili si mahasimu. Peroksaidi inayobaki baada ya taa inatakiwa kuondolewa, na mkaa wa chembe unaiondoa vizuri. Mkaa ukitangulia, maji yanafika kwenye taa yakiwa meupe. Maabara nyingi sasa zinapaka titani dioksidi juu ya bayocha, ili mkaa uinase dawa na kichocheo kiivunje palepale. Wazo ni zuri sana. Ningependa kuliona likifanya kazi mwaka mzima kwenye majitaka halisi kabla ya kumshauri mtu alinunue.

Kwa hiyo wewe uchague nini

Kama una hospitali ya wilaya yenye karo au bwawa, usianze na mkaa wala taa. Anza na tope. Siprofloksasini inavunjwa na jua haraka kwenye maji meupe, lakini kwenye bwawa hushikana na tope na kuzama gizani kabla jua halijaifikia. Bwawa lililojaa tope ambalo halijanyonywa miaka kumi ni ghala la dawa, na gari la kunyonya likija, tope hilo lisiishie kwenye bustani ya mchicha. Bwawa la mwisho liwe na kina kifupi, mita moja hivi, na maji yasipite njia ya mkato kutoka kwenye bomba la kuingilia hadi la kutokea. Ukishafanya hayo, weka chujio la mchanga, kisha tangi la mkaa. Taa iwe ya mwisho, kwa ajili ya bakteria, na iwe na ratiba ya siki iliyobandikwa ukutani.

Nikipewa hospitali mpya ambayo mabomba yake hayajafukiwa, ningeomba mkojo wa wodi utenganishwe. Dawa nyingi kati ya hizi hutoka kwa mkojo, na mtu mmoja anatoa lita moja hadi moja na nusu kwa siku. Kunasa dawa kwenye lita mia chache zilizokolea ni kazi nyepesi kuliko kuifukuza kwenye lita 100,000 zilizochanganyika na maji ya kufulia mashuka.

Kama wewe ni mamlaka ya mji yenye mabwawa makubwa, kama yale ya Dandora, Nairobi, au ya Dar es Salaam, mkaa wa unga mwishoni mwa mtambo ndio unaobebeka, lakini baada ya matibabu ya kawaida kufanya kazi kwa uhakika. Mtambo ambao bado unatoa maji ya kijani yaliyojaa mwani hauna haja ya mkaa wa bei. Una haja ya kukarabatiwa.

Mwenye kiwanda cha dawa yuko kwenye hali nyingine kabisa, na kwake mwanga unapata nafasi yake. Anajua dawa yake ni ipi, maji yake ni machache, na dawa imekolea. Mbele ya chanzo kimoja kinachojulikana, taa na peroksaidi, au chuma na jua, vinaweza kupangiliwa barabara, na mkaa ukawekwa mwisho kama mlinzi. Septemba 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu majitaka ya viwanda vya antibayotiki, wenye malengo ya viwango. Mnunuzi wa dawa wa serikali anaweza kuutaja kwenye zabuni tangu leo.

Na kama wewe ni mwanafunzi unayetengeneza kichocheo chako cha kwanza, kazi yako naithamini, na nina ombi moja. Majaribio mengi hufanywa kwenye maji safi ya maabara yaliyotoneshwa, dawa ikiwa miligramu 10 au 20 kwa lita, juu sana ya kile tunachokikuta mtoni. Grafu inashuka vizuri, asilimia 98 ndani ya saa moja. Beba dumu la lita 20 uende bwawani, lijaze kwenye mfereji wa kutokea, rudi nalo maabara, na urudie jaribio lilelile kwa maji hayo, na mwani wake, na sabuni yake, na chumvi yake. Asilimia utakayoipata hapo, hata ikiwa 30, ndiyo niliyoingojea.